Papasi wa Igawilo

Igawilo, Mbeya
6 Machi 1955

Gwe Tusajigwe, mjukuu wangu, ndaga, nakusalimu.

Anayesema ni mimi bibi yako Damari. Anayeandika ni mzee wa kanisa Sedekia, maana mimi kalamu sijawahi kuishika, na vidole hivi sasa vimepinda kama tangawizi, havifundishiki tena.

Nimesikia kwa Yotamu wa lori kwamba una mimba ya miezi minne. Kwa Yotamu! Dereva anajua tumbo lako kabla yangu. Nilikasirika siku mbili, siku ya tatu nikafurahi, leo nimechoka na vyote viwili. Miaka mitatu uko huko Iringa kwa mumeo, na wanawake hapa kisimani wananiuliza, "Damari, mjukuu wako vipi?" Nawajibu, "Mzima, anakula." Sasa nitawajibu kwa sauti.

Nisikilize. Nimezaa sita, nimezika sita, mama yako alikuwa wa mwisho. Katika nyumba ile yote umebaki wewe. Huyo aliye tumboni ndiye ninayemngojea. Sina kingine ninachokingojea duniani. Basi usinyanyue ndoo, usilale na njaa, na maneno ya mama mkwe yaingie sikio moja yatoke.

Yotamu atakupa gunia la viazi na maharage. Katikati ya viazi kuna kibuyu kidogo cha ugoro. Hakina ugoro. Kina vumbi la nyumba yangu na papasi kumi na wawili. Ndiyo, papasi, wadudu wa ukutani. Mama yangu alinifungia hivyohivyo nilipoolewa nikatoka Tukuyu kuja huku. Mtu anayeumwa na papasi wa kwao kila siku, homa ya papasi haimshiki. Akikaa bila wao, damu inasahau, na siku akikutana na papasi wa ugenini anakufa. Wewe sasa damu yako ni ya watu wawili. Kiweke ukutani karibu na kichwa, ukifungue mdomo kidogo.

Sedekia hapa amekunja uso. Anasema jambo hili si la Kikristo. Nimemwambia papasi hawana dini, aandike.

Mumeo usimwambie. Kalinga ni mtu mwema lakini anafanya kazi katika hiyo nyumba ya vioo, atakifungia kwenye chupa akiandikie namba. Barua hii ukiisha kuisoma itie motoni.

Nakushika mikono yote miwili.

Bibi yako Damari
(kwa mkono wa S., mzee wa kanisa)


Mlandege, Iringa
2 Aprili 1955

Kwa Bibi yangu mpendwa Damari,

Shikamoo Bibi. Mzee Sedekia naye shikamoo, na asante kwa kunisomea Bibi.

Viazi nimepata, na kile kingine nimepata. Nyumba zetu hizi za wafanyakazi sakafu ni ya saruji lakini ukuta ni wa tofali mbichi. Nyuma ya kitanda, upande wangu, plasta imebanduka. Nilikisukuma kibuyu humo ndani mpaka mwisho, nikaziba kwa tope, nikaacha tundu la kidole. Ukitazama huoni kitu. Asubuhi ya jana niliona madoa mawili mguuni. Nikacheka peke yangu, nikasema wa nyumbani wamefika.

Kalinga sijamwambia. Inanikaa vibaya, Bibi, lakini nakuahidi sitamwambia.

Anarudi jioni macho mekundu. Umeniuliza zamani wanafanya nini katika nyumba ya vioo, na mimi nilikuwa sijui. Sasa ameniambia. Watu wa jimbo zima, Njombe, Mbeya, Usangu, wanatobolewa kidole, tone la damu linapakwa kwenye kioo chembamba, na vioo vyote vinaletwa hapa kwa sanduku. Yeye anavitazama kwa hadubini kimoja kimoja na kuandika alichokiona. "Mnawatibu?" nilimuuliza. Akasema, "Hapana. Sisi tunajua tu nani anaumwa nini, na wapi, halafu tunawaambia wanaotibu na wanaopuliza dawa." Nikamwambia hiyo ni kazi ya kuchosha, kujua tu. Alikuwa ameshalala na viatu.

Jirani yangu wa ukuta mmoja anaitwa Rozalia, mjane, Mbena, amehamia mwezi jana kutoka kijijini na mikeka yake. Ananichotea maji bila kuombwa. Usiwe na wasiwasi.

Mjukuu wako,
Tusajigwe


Igawilo
25 Aprili 1955

Gwe Tusa,

Barua yako Sedekia alinisomea mara tatu. Mara ya tatu nilimwambia asome taratibu, na yeye akasema anachoka. Kila mtu amechoka. Mvua haikatiki, mahindi yameanguka, goti langu la kushoto limekataa kazi. Lakini hayo madoa mawili yamenifurahisha.

Sasa nikuchekeshe. Wenzake mumeo wamefika kwangu. Wawili, kaptura, bomba mgongoni. Mmoja anajiita Crispin, bwana afya, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Hodi mama."

"Hodi ya nini?"

"Tumetumwa kutoka Iringa. Tunatafuta papasi."

"Umempoteza wa kwako?"

Yule mwenzake akacheka, Crispin hakucheka. Akasema wana unga wa kupuliza kwenye nyufa, papasi wote wanakufa, na kabla ya hapo angependa tone la damu kidoleni. Nikamwambia, "Mwanangu, damu hii ni ya zamani, ukiipaka kwenye kioo kitapasuka." Akaomba tena kwa adabu. Nikachukua mwiko wa kusongea, ukiwa na ugali, nikamwonyesha njia.

Hakuondoka! Alirudi nyuma hatua tano, akatoa kitabu, akauliza akiwa palepale uani, "Basi uniambie tu, mama. Homa hii inawashika nani hapa?" Nikamjibu kwa sababu hakuwa na kiburi. Nikasema, "Wenyeji haiwashiki. Inawashika waliokwenda mbali. Vijana wanaokwenda migodini miaka miwili mitatu, wakirudi wakalala kwa mama zao, wiki haiishi wameanguka." Akaandika. Akaniuliza kama alivyoandika ni sawa na nilivyosema, akanisomea. Ilikuwa sawasawa, hata pale nilipotukana. Nikampa maji ya kunywa, akaenda.

Nyumba yangu hawakuigusa. Papasi wangu wako salama, na wa kwako pia.

Sedekia anasema mimba ya miezi sita mtu hulala kwa ubavu wa kushoto. Amejuaje, mwanamume yule? Lakini fanya.

Bibi yako Damari


Mlandege, Iringa
28 Mei 1955

Kwa Bibi Damari,

Kamwene Bibi, na shikamoo.

Mimi ni Kalinga, mumewe Tusajigwe. Nisamehe kwa kuandika mimi badala yake. Yuko hospitali siku ya kumi na moja.

Ilianza kama malaria. Siku tatu moto mkali, kichwa, anatapika. Siku ya nne akapoa, tukashukuru. Siku saba baadaye ikarudi. Sikungoja mtu, nilimtoboa kidole mwenyewe, nikaenda kukaa mbele ya hadubini. Bibi, nimesoma damu za watu wengi na sikumbuki uso wa hata mmoja. Safari hii nilikuwa najua kidole ni cha nani. Niliwaona wale wadudu wembamba waliojisokota kama uzi. Ni homa ya papasi.

Wanamchoma sindano za penisilini. Mtoto bado anacheza tumboni. Lakini daktari ameniambia wazi kwamba homa hii kwa mwenye mimba huangusha mtoto, na ikirudi tena na tena huchukua na mama. Anaweza kupona akiwa hospitali. Akirudi nyumbani akaumwa tena na papasi, tunaanza upya akiwa hana nguvu.

Jambo linalonitesa ni hili: papasi wametoka wapi? Mtaa wetu tuliupima mwaka jana, hapakuwa na hata mmoja. Ofisi yetu ikaangalia nani kahamia karibuni, ikaona ni jirani yetu Rozalia na mikeka yake ya kijijini. Wameichoma, pamoja na godoro, mbele ya nyumba. Amehamia kwa dada yake, mtaa wa Kihesa. Hakulia wala hakubisha. Tukapuliza unga kote. Na bado juzi, nikikaa peke yangu kitandani, nilimwona mmoja anatembea juu ya mto wa Tusajigwe.

Nimemuuliza Tusajigwe kama anajua lolote. Anageuza uso ukutani. Nadhani ni homa.

Bibi, wewe umeishi na wadudu hawa maisha yako yote. Kama unajua namna yoyote walivyoweza kuingia humu, niambie. Sitakuuliza zaidi ya hapo.

Mjukuu wako,
Kalinga


Igawilo
5 Juni 1955

Kwa Bwana Kalinga, mpendwa katika Bwana,

Salamu nyingi katika jina la Mwokozi wetu. Barua yako imetufikia na tumeisoma kwa majonzi makuu. Bibi Damari ameugua moyo kwa habari za mjukuu wake, naye anakusalimu sana.

Kuhusu swali lako, Bibi anasema huenda wadudu hao walisafiri pasipo mtu kujua katika gunia la viazi alilolituma mwezi wa tatu, kwa kuwa nyumba zetu za huku zina vumbi. Anasikitika sana kwa jambo hilo. Tunakushauri magunia yote yachomwe moto.

Tunaendelea kumkumbuka mgonjwa katika maombi, na Mungu atamponya kwa mapenzi yake.

Ni mimi katika utumishi,
kwa niaba ya Bibi Damari


Iringa
2 Julai 1955

Kwa Bibi Damari,

Kamwene Bibi.

Asante kwa jibu. Magunia niliyachoma siku ileile, na vikapu, na mkeka wa jikoni. Nilifurahi, nikasema sasa tumejua chanzo. Tarehe kumi na nne nikamrudisha Tusajigwe nyumbani.

Alilala usiku wa kwanza na wa pili vizuri. Baada ya wiki moja na siku mbili homa ikapanda kuliko ya mwanzo. Juzi, tarehe thelathini, amejifungua kabla ya wakati. Ni msichana. Yuko hai. Ni mdogo mno, Bibi, nimemshika kwa kiganja kimoja na nafasi ikabaki. Masista wamemviringisha kwa pamba. Damu yake nimeisoma pia. Wamo.

Tusajigwe hana nguvu ya kusema. Daktari anasema atampa sindano nyingine na atainuka, lakini akirudi katika nyumba ile kabla hatujawapata, basi. Nyumba nyingine ofisi haina. Nimebandua ubao wa dari, nimechimbua kizingiti. Sijui tena pa kutazama.

Sina swali safari hii. Nilitaka tu ujue kwamba umepata kitukuu, kama Mungu atatuachia.

Kalinga


Igawilo
6 Julai 1955

Kalinga, mwanangu,

Barua hii haiandikwi na Sedekia. Anaandika Crispin, bwana afya, yule niliyemfukuza na mwiko. Nimetembea asubuhi yote na goti hili mpaka pale walipopiga hema lao, nikamwambia, "Wewe uliyeandika matusi yangu kama nilivyoyatukana, chukua kalamu."

Umesema umechoma magunia. Magunia gani? Sedekia aliposoma hapo nilimshika mkono. Nikasema, "Soma tena." Akasoma tena, sauti imepungua. Nikasema, "Mzee, mimi nilikwambia uandike nini?"  Kalinga, tarehe tano mwezi jana mimi nilimwambia maneno haya, uyasikie kama yalivyotoka: Ni mimi. Nilimpelekea Tusa papasi kumi na wawili kwenye kibuyu cha ugoro. Kiko ukutani nyuma ya kitanda, upande wake, ndani kabisa, kimezibwa kwa tope, pana tundu la kidole. Kitoe ukichome. Rozalia hana kosa. Basi. Nilisema hivyo, sikuongeza.

Sedekia amelia mbele yangu, mzee mzima. Anasema barua ya kwanza aliiandika kwa mkono wake, na watu wa kanisa wangesema mzee wao ameandika mambo ya hirizi, mimi na yeye tungefukuzwa kwenye meza ya Bwana. Alitaka kunisitiri. Akadhani mkishachoma magunia mtapuliza unga tena, na papasi watafia humohumo ukutani. Sikumpiga. Sina nguvu za kumpiga, na kalamu nilimpa mimi.

Crispin amesema barua itachukua siku nne, akamtuma mwenzake kwa baiskeli posta Mbeya apige simu ya maandishi kwako, maneno machache: kibuyu ndani ya ukuta nyuma ya kitanda, choma. Ukiipata barua hii uwe umeshabomoa.

Nimemuuliza Crispin, nilikosea wapi? Mama yangu alifanya hivi na mimi nikaishi. Hakutaka kusema. Nikamwambia sema, mimi si yai. Akafungua kitabu chake, akanisomea maneno yangu mwenyewe ya mwezi wa nne: haiwashiki wenyeji, inawashika waliokwenda mbali miaka miwili mitatu wakarudi. Mama yangu alinifungia kibuyu siku ileile ninaondoka, papasi hawakuniacha hata wiki. Mimi nimempelekea Tusa baada ya miaka mitatu. Damu yake ilikwisha sahau. Nilikuwa najua. Nilisimama uani kwangu nikamfundisha mtu wa serikali kitu ambacho nilikuwa ninamuulia nacho mjukuu wangu, na nikampa na maji.

Usimkasirikie Tusa. Alifungwa mdomo na mimi.

Damari


Mlandege
24 Julai 1955

Bibi,

Shikamoo. Ninaandika kidogo kidogo, nikichoka nalala.

Simu ilifika tarehe saba. Kalinga hakuja kuniambia kwanza, alikwenda nyumbani na shoka. Ndani ya kibuyu na nyuma yake walikuwa wamezaana. Anasema walikuwa wengi, wadogo kama mbegu za ulezi. Amebomoa ukuta ule wote. Sasa kati yetu na chumba cha Rozalia pamefungwa kwa mabati.

Mtoto alikaa siku tisa. Alifariki tarehe tisa, asubuhi, wakati wanabadilisha pamba. Padri alikuwa amembatiza, jina Matilda, la mama yake Kalinga. Tumemzika Kihesa. Mimi nilikuwa bado kitandani, sikumzika. Walinieleza tu.

Kalinga hajanigombeza. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia?" Nikasema nilimuahidi Bibi. Akasema, "Mimi kazi yangu yote ni kuuliza watu wanaumwa nini na wamekaa wapi. Nyumba hii tu niliuliza mara moja nikaacha." Tangu hapo tunasema habari za chakula.

Nilikuwa najua, Bibi. Homa ya kwanza ilipokuja nilijua. Niligeuza uso, na hata katika ukuta wa hospitali nilikiona kibuyu. Niliogopa atafukuzwa kazi, mtu wa nyumba ya vioo mkewe anafuga papasi. Nikanyamaza, na mikeka ya Rozalia inaungua, nausikia moshi kwenye shati la Kalinga akija hospitali.

Nilipopata kutembea nilikwenda Kihesa na Kalinga kumwomba radhi. Rozalia alitusikiliza mpaka mwisho, anachambua maharage. Akasema, "Godoro langu mlilichoma mbele ya watu. Basi njooni mseme mbele ya watu." Jumapili nilisimama uani Mlandege nikasema. Wengine waliguna, mmoja alitema mate. Rozalia alirudi jioni na kitanda cha kuazima. Hajanisemesha. Lakini asubuhi nilikuta amefagia na upande wetu.

Bibi, najua unataka kuja. Usije kwanza. Nakupenda, sina hasira, au ninayo sijui naiweka wapi. Usije kwanza.

Tusajigwe


Igawilo
18 Septemba 1955

Gwe Tusa,

Crispin anaandika. Anaandika kila ninachosema, hata nikikohoa, kwa hiyo nitajaribu nisikohoe.

Uliposema nisije, sikuja. Yotamu alisimamisha lori hapa mara mbili, akasema, "Bibi, panda, mbele kuna nafasi." Nikamwambia sijaitwa.

Sitakuomba msamaha kwa maneno mazuri. Sina. Nilimuua mtoto wako kwa mkono uliokuwa unambariki. Nililala nayo hiyo siku nyingi, kisha nikaona kulala nayo hakumsaidii mtu yeyote, nikaamka.

Nilimwita Crispin apulize nyumba yangu. Walitoa kila kitu uani, hata vyungu, wakachimba nyufa, wakapuliza unga ule unaonuka. Majirani wamesimama ukutani wanatazama. Nikampa na damu yangu. Kioo hakikupasuka. Wamekipeleka huko kwenu, labda mumeo amekisoma, mwambie anisalimie.

Siku ile wanawake walikuja kuniuliza, "Damari, umeachia papasi wako? Mjukuu wako akija?" Nikawaambia yaliyotupata. Crispin alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na hakuna anayemfungulia, wote wana mwiko kama wangu. Nikasema basi twende wote. Natembea mbele na fimbo, yeye nyuma na bomba. Nikifika nasema, "Mimi ni Damari. Nilimpelekea mjukuu wangu papasi wa nyumbani na alikuwa na mimba na amekaa mbali miaka mitatu. Mtoto ameishi siku tisa. Una mtu wako aliye mbali? Fungua mlango." Wanafungua. Si kwa ajili ya unga. Wanafungua kwa sababu hawajui la kunifanya.

Kuna mmoja, Marta wa pale bondeni, alikuwa ameshafunga kibuyu chake, anampelekea binti yake Kiwira. Binti amekaa huko miaka minne. Alikitoa nyuma ya mtungi mwenyewe, akanipa, tukakitia motoni. Kisha akanipikia chai, nikashindwa kuinywa.

Nachoka, Tusa. Jana nimekaa chini njiani na Crispin akangoja, hakuniharakisha. Aliniuliza kama tuache. Nikamuuliza, "Zimebaki nyumba ngapi?" Akasema nyingi. Nikasema nishike mkono niinuke.

Sedekia ameungama kanisani, wamemsimamisha miezi mitatu. Anakuja kunichanjia kuni. Barua zako bado ananisomea, siku ambazo Crispin yuko mbali. Nimemwambia neno ukiliruka nitajua, na anasoma mpaka nukta.

Unakula? Niandikie hilo tu, kama mengine huyawezi.

Bibi yako Damari


Mlandege, Iringa
30 Oktoba 1955

Bibi yangu,

Shikamoo. Ninakula.

Kioo chako kilifika. Kalinga aliliona jina, akatoka nje kwanza akavuta hewa, ndipo akakisoma. Damu yako ni safi. Jioni aliniambia, na hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kwanza tumeongea mpaka mafuta ya taa yakaisha. Ananiambia barua za Crispin kutoka Igawilo zinasomwa ofisini kwao kwa sauti, na kwamba sasa kabla ya kupuliza dawa wanauliza kwanza kila nyumba nani yuko mbali na tangu lini. Hakuna aliyeuliza hivyo zamani. Anasema ni swali lako. Sikujua nifurahi au nifanye nini, nikaendelea kumenya viazi.

Nimekwenda Kihesa mara nne. Kaburi ni dogo, wameweka mawe meupe pembeni. Rozalia hunisindikiza, anasimama mbali. Watu wa huku ni wema, Bibi, lakini wanaomboleza kimya. Walikuja wakakaa, wakasali rozari, wakaniambia nipumzike, wakaenda. Kila mtu ananiambia nipumzike. Hakuna aliyepiga kelele. Hakuna aliyejitupa chini wala aliyeruka, hakuna aliyeita jina la yule mtoto mpaka sauti ikamkauka kama mlivyomwita mama yangu siku zile tatu za msiba wake, nikiwa nimeshika nguo yako. Mpaka leo sijalia. Najaribu, nashindwa.

Mwambie Yotamu akuweke mbele, siyo nyuma kwenye vumbi. Kalinga atakungoja barabarani. Majirani wote nimeshawaambia kwamba bibi yangu anakuja kutoka Mbeya, na kwamba siku hiyo watasikia kelele, wasiogope, wasimwite askari.

Njoo tulie.

Tusajigwe